Mzee Mbithi, Bingwa wa Kukosa Vikao

Jumapili, tarehe 30 Novemba 2025, Mzee Gedion Mbithi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kulitunza kanisa letu hapa Kambu. Kamati imeniomba mimi, karani, niandike mambo mazuri tu. Si kazi ngumu. Mtu aliyefunga ndoa Agosti huona kila kitu kizuri, hata daftari la mahudhurio.

Daftari lenyewe halimsifu. Mwaka huu pekee amekosa vikao tisa, viwili vikiwa vya kupanga Wiki ya Upendo na Huduma. Sisi waaminifu tuliujadili upendo mpaka chai ikapoa. Yeye, bila aibu, alikuwa kwa Nzilani.

Nzilani ni mjane mzee asiyeweza kuondoka kitandani, anayeishi ng'ambo ya mto mkavu. Kwa miaka kumi na mmoja tumemwombea kila Jumapili, tena kwa sauti. Mzee Mbithi hana kipaji hicho. Yeye huchimba maji mchangani, akajaza mitungi minne, akampakia punda, kisha akifika kwa Nzilani hufua mashuka na kupika uji. Mwenyekiti wetu Mutiso alimuuliza mbele ya watu, "Mbithi, umeajiriwa na kanisa au na punda?"

Mzee akavua kofia. "Na kanisa, Mwenyekiti. Punda hunikumbusha kazi tu."

Hata harusi yangu hakuiheshimu. Milango ya kanisa ilipaswa kufunguliwa saa mbili. Alifika saa nne. Nilikuwa garini, poda ikinitiririka, Kisilu wangu, mwanamume mzuri kuliko wote kuanzia Makindu hadi mji wa Wote, akinipepea kwa kadi ya mwaliko. Mzee akapita, shati limelowa jasho. "Mwiitu," akaniita binti kwa Kikamba, "harusi hungoja. Kiu haingoji." Kisilu alicheka. Mimi nilinuna hadi madhabahuni.

Sasa magoti yake yamegoma, na anahamia kwa bintiye huko Kitui. Tumeshapata wa kufagia na wa kupiga kengele. Kuhusu Nzilani, kamati iliyojaa hekima imekaa mara tatu na kuazimia kuongeza maombi. Wiki iliyopita Mzee alihudhuria kikao, akauliza swali moja tu: "Jumatatu atakunywa nini?" Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala.

Nilimsimulia Kisilu huku nikitarajia anibembeleze. Aliuliza kama punda huyo huuma.

Basi wapendwa, fungate yetu inaendelea. Jumatatu asubuhi tutateremka mtoni, mimi na mpenzi wangu, punda akiwa katikati. Hatujui hata kufunga mitungi. Sijawahi kualikwa mahali penye mapenzi kama hapo, na anayetaka kuja asisubiri kikao.

Mzee Mbithi, asante kwa kutuonyesha njia tuliyokuwa tukiiimba tu. Nenda upumzishe hayo magoti, ule vizuri, ubembelezwe na wajukuu, na Mungu akuongezee miaka ya furaha. Jumatatu Nzilani atakunywa.