Mtihani wa Kabichi za Mulunesh

Kijiweni kwa Mulunesh, nyuma ya soko la Jimma, birika moja la kahawa humiminwa raundi tatu, na raundi ya tatu ndiyo huleta ubishi. Mulunesh ana miaka hamsini na mmoja. Mwaka jana aliwashangaza wateja wake alipojiandikisha chuoni kusomea bustani, darasa moja na vijana wa rika la wanawe. Pale palipokuwa jalala, hatua mbili nyuma ya benchi, sasa pana karoti, kabichi na mawaridi. Asubuhi hiyo mkaguzi wa chuo alikuwa anakuja kumtahini papo hapo, na mstari wa kabichi ulio jirani na benchi ulikuwa umeungua kingo za majani. Akiwamiminia kahawa wateja wake watatu wa kila siku, akawauliza ni nini kimeziunguza.

— Kelele za malori hizo, alisema Breki, ambaye mwenyewe ni dereva wa lori. Kabichi hazilali.

— Malori wapi! Jaji, karani mstaafu wa mahakama, alimkatiza. Ni wivu. Juzi Mulunesh kazisifu karoti, kabichi zinasikia. Jani lile si sikio lile?

— Hamjui kitu, alisema Rediyo, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Chini hapa pana mlima wa moto, unapumua. Wiki ijayo nachoma mahindi hapa bila mkaa.

— Jamani, mnanichanganya! Nina mtihani!

— Tunakusaidia, dada. Ukiulizwa, wewe sema mlima.

Breki akacheka, akamalizia kahawa yake, akamwaga masimbi yaliyobaki chini ya kikombe nyuma ya benchi bila kugeuka, kama afanyavyo kila siku. Mulunesh akaiona ile kahawa ikitua kwenye kabichi. Wote watatu hunywa kahawa ya chumvi badala ya sukari. Akapiga magoti, akachota udongo, akaugusisha ulimini.

— Haya, masomo yamemzidi! alisema Jaji. Anakula udongo!

— Chumvi! Mulunesh alipiga kelele. Mzee Jaji, ni chumvi yenu! Mwaka mzima mnazinywesha kabichi zangu chumvi!

— Na sasa utafanyaje?

Sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke mwenye buti za matope na faili kwapani. Mkaguzi, mwalimu Hirut, alikuwa amesimama pale kitambo. Mulunesh akanyanyuka, magoti yote udongo, akaonyesha mstari ulioungua.

— Nitaloweka mstari huu kwa maji safi mengi, mara kadhaa, mpaka chumvi ishuke chini ya mizizi. Nitapanda upya. Na hapa naweka ndoo ya masimbi. Atakayemwaga nje ya ndoo, kesho anakunywa maji ya moto matupu.

Mwalimu akaandika, akafunga faili.

— Umefaulu, dada. Tena vizuri.

Mulunesh alipiga vigelegele vilivyosikika sokoni, akamkumbatia mkaguzi na udongo wake wote. Wazee wakasimama kupiga makofi.

— Sisi ndio walimu wake, alisema Jaji, kifua mbele.

Mwalimu Hirut akawatazama mmoja mmoja.

— Na ninyi, mnasomea nini?

Breki akamtazama Rediyo. Rediyo akamtazama Jaji. Jaji akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mulunesh alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakuna aliyemkataza.

Mwishowe Breki akakohoa.

— Mwalimu, usajili unafungwa lini?