Macho ya Bibi Yaliyokataa Kutoka Kwenye Printa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Kabla ya yote naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole sana. Mzee wa kanisa aliniambia nisimame niseme mwenyewe mbele yenu, lakini nikiona watu wengi sauti inakauka. Kwa hiyo nimeandika. Anayesoma asome taratibu.

Jina langu ni Paskalina. Nimelelewa juu huko Uluguru na bibi yangu mzaa mama, mkulima wa kabeji. Nilishuka mjini kufanya kazi kwenye steshenari ya Mama Ombeni, hapa Mafiga. Natoa fotokopi, nachapa picha, na wino wa printa ukiisha najaza katriji, kile kikopo chake cha wino, kwa sindano. Mama Ombeni ni mtu wa maombi. Kila asubuhi kabla hatujafungua anachovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya upako, anapaka msalaba mlangoni, mezani, kwenye mashine, na mwisho kwenye paji la uso wangu. Mimi nilipenda, maana hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa akinigusa kichwa.

Bibi akafariki. Kwetu, mjukuu aliyelelewa na marehemu ndiye anayetangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika picha. Mjukuu huyo ni mimi. Lakini ndugu zangu, kulikuwa na maneno! Watu walisema nilimwacha bibi mlimani peke yake, kwamba amekufa na kinyongo juu yangu. Mjomba Kaspari, mwanawe wa kiume, alinipigia simu akasema, "Chapa picha. Kesho nakupitia." Hakusema pole.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, steshenari zote zimefungwa. Mama Ombeni alinifungulia kwa sababu ya msiba. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka barabarani, saa nne asubuhi tukawasha taa kama jioni. Wino mweusi ulikuwa umeisha, nikaujaza. Mama Ombeni akaishika ile katriji, akaiombea, akaipaka mafuta, akairudisha mwenyewe ndani ya mashine.

Bibi alikuwa na picha moja tu, niliyompiga kwa simu sikukuu ya Pasaka. Nikabonyeza. Karatasi ikaanza kutoka. Kikatoka kilemba chake. Likatoka paji la uso. Pale macho yalipotakiwa kuanza, mashine ikalia, ikasimama. Taa nyekundu ikawaka, na kwenye kioo kidogo yakaja maandishi kwamba katriji haitambuliki.

Nikazima, nikawasha. Karatasi nyingine ikatoka, ikakomea pale pale. Nikajaribu tena, pale pale! Niliziweka moja juu ya nyingine nikazielekeza kwenye taa. Zililingana kabisa, kama zimekatwa kwa mkasi. Na ndani ya mashine kile kichwa cha wino kilikuwa kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kama mtu anayepapasa kitu gizani.

Mjomba akaingia, koti limelowa ukungu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Picha iko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliziangalia zile karatasi zenye kilemba bila macho, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mama yangu hataki kukuangalia," akasema.

Mama Ombeni akaruka na chupa yake. "Mashine, tii! Nasema tii!" Akachomoa katriji, akaipaka, akairudisha. Ikakataa. Akapaka zaidi.

Mjomba akamwuliza, "Mama, unaiombea au unagombana nayo?"

"Nyamaza wewe, baba! Shetani habembelezwi!"

Na kadiri alivyopaka ndivyo ilivyozidi kukataa. Mwishoni ikanyamaza kabisa. Halafu, hakuna aliyeigusa, ikatikisika ndani yake yenyewe na kusukuma nje karatasi nyeupe tupu. Mama Ombeni alishusha chupa. Nilimwona anaogopa, na sikuwahi kumwona anaogopa.

"Gari linaondoka," Mjomba akasema. "Mbele atatangulia mwingine na msalaba. Wewe utatembea nyuma na wageni."

Nilipiga magoti nyuma ya meza. Sikupaza sauti. Nilisema tu, "Bwana, kama bibi amenikataa, nionyeshe mwenyewe, nisiambiwe na watu." Nikanyoosha mkono nichomoe katriji niiweke sandukuni, basi. Ikaniteleza vidoleni ikaanguka.

Nikaiokota. Ikateleza tena. Ilikuwa inang'aa mafuta, mpaka vile vidoti vya shaba vinavyogusana na mashine.

Hapo nikaiona akilini redio ya bibi! Nyumbani redio ikinyamaza, mimi nikiwa mdogo nalia kwamba imekufa, bibi anatoa betri, anafuta ncha zake kwa pindo la kanga na kuniambia, "Haijafa, Kalina. Hazigusani tu." Niliisikia sauti yake karibu na sikio, ndugu zangu. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo.

Nilifuta vile vidoti kwa pamba yenye spiriti. Nikafuta na vya ndani ya mashine, vinavyotazamana navyo. Nikasubiri vikauke huku Mjomba akigongagonga funguo. Nikairudisha, ikabana. Mashine ikauliza kama nakubali wino uliojazwa, nikabonyeza ndiyo.

Kilemba kikatoka. Paji la uso likatoka. Mashine ikasimama pale pale. Hakuna aliyepumua! Ikakwaruza kidogo, ikaendelea. Yakatoka macho. Yakatoka mashavu, mdomo, na kabeji nyuma yake.

Mjomba Kaspari akavua kofia. "Shikamoo, mama," akaiambia ile karatasi. Kisha akanigeukia. "Ishike vizuri, mama. Wino haujakauka."

Nilitembea mbele ya jeneza, ndugu zangu! Ukungu ulifunika njia hata nisione miguu yangu, lakini sikuogopa.

Mama Ombeni bado anapaka mafuta mlangoni na kwenye paji langu. Mashine anaiwekea mkono tu. Namshukuru Mungu kwa maombi yake, maana bila hayo nisingepata hata ujasiri wa kupiga magoti. Na wewe unayeambiwa kwamba wafu wamekukataa, usiamini midomo ya watu. Muulize Bwana. Aliyenijibu mimi ambaye hata sauti sina, atakujibu na wewe.

Lakini jambo moja bado linanisumbua. Mafuta nayaelewa. Ila kwa nini ilikuwa inakomea pale pale, kwenye macho, kila mara? Zile karatasi ninazo, sijazichoma. Kama kuna ndugu anayejua, tafadhali aniandikie, ampe mzee wa kanisa barua yake. Hata akiandika kwa herufi mbaya kama zangu, nitaisoma.