Hakuteleza

Mvua ilitufuata tangu Darajani. Ndani ya gari la abiria la shamba, mzee aliyekaa mbele yangu alipakata ubao wenye magurudumu manne ya chuma. "Si wa yule kijana aliyeteleza Mkunazini?" akauliza bibi aliyekaa naye. "Mungu amrehemu."

"Mwanangu hakuteleza, bibi. Kazunguka juu ya ubao huu mara mbili kwa mguu mmoja, mvua inamwagika, watu barazani wanampigia makofi."

"Nlikuwepo, bwana. Ya tatu kateleza, kapiga kichwa ukutani."

"Karuka! Wanaomtaja waseme karuka."

Shule ya usiku nilifunzwa kuwa kuteleza si kuanguka, lakini hakuna aliyeniuliza.

Gari likasimama Fumba. Mzee akashuka na ubao wake.

"Taratibu, bwana," bibi akamwita. "Hapo panateleza."