Mwalimu Stensili na Watoto Sabini na Wanne

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi wote mliofika kumsindikiza mama yetu, ninayesoma hapa ni kitinda mimba wake, na kabla sijaanza naomba radhi kwa jambo moja, kwamba tarehe nyingi mtakazozisikia aliziandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto mwaka jana, akaagiza historia yake isizidi kurasa tatu, nami nimezidisha moja.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano na wa kike wa kwanza. Alianza kuzijua namba kabla ya herufi, kwa sababu baba yake alikuwa akiandika vipimo vya mbao kwa penseli, naye akivifuatisha kwa kidole, hata alipoandikishwa darasa la kwanza mwezi Januari 1959 alikuwa anaijua thelathini na sita na nusu lakini tatu iliyo peke yake hajawahi kuiona, jambo lililomchanganya sana mwalimu wake wa kwanza na ambalo Mama alilisimulia mpaka uzeeni kwa kujisifu kidogo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akasoma sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1970, akahitimu Novemba 1971 akiwa wa tatu katika chuo kizima, na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, ambayo tunayo nyumbani, inasema kwamba mwanachuo huyu ana sauti ndogo, mwandiko mzuri, na ubishi.

Aliripoti kazini siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1972, akapewa darasa la tatu, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye madirisha manne ambayo mawili hayakuwa na vioo, watoto themanini na mmoja, na vitabu tisa vya kusomea. Kwa kuwa kila kitabu kilizungukwa na watoto tisa, waliokaa upande wa pili wa dawati walikiona kikiwa juu chini mwaka mzima, na siku moja alimpa mvulana mmoja kitabu peke yake asome mbele ya wenzake, mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akakipindua kichwa chini miguu juu, ndipo akaanza kusoma bila kusita. Darasa zima lilicheka, Mama naye akacheka, lakini wiki hiyohiyo akaanza kuwaandikia watoto karatasi zao wenyewe.

Mwanzoni aliziandika kwa mkono kwa kutumia karatasi ya kaboni, nakala nne kwa mpigo, ile ya nne ikiwa hafifu kiasi kwamba watoto waliiita ya kipofu, mpaka mwaka 1975 shule ilipopata mashine kuukuu ya kudurufu kutoka ofisi iliyokuwa ikihama, ndipo akajifunza kukata stensili, ile karatasi ya nta inayokatwa maandishi ili wino upite, akawa anatoka chumba cha mashine na wino hadi kwenye viwiko, na walimu wenzake wakambatiza jina la Mwalimu Stensili. Jina lilianza kama kejeli. Hakulikataa, na baada ya miaka michache hata barua za wazazi zilikuja zimeandikwa hivyo. Alitengeneza pia saa za maboksi, vizibo vya kuhesabia vilivyotobolewa na kutungwa kumi kumi, na herufi za mbao alizomwomba baba yake azikate, na hakuna mzazi aliyeruhusiwa kutupa boksi lolote bila kumwuliza kwanza.

Mwezi Julai 1976 mashine ile ilikwama, akaletwa fundi wa mashine za ofisi, ambaye ni baba yetu aliyekaa hapa mbele, akasema ubovu ni mkubwa na itambidi aje mara kadhaa, akaja mara sita kwa skrubu moja iliyolegea. Mwalimu mkuu alipomwuliza mbona mashine haiponi, Baba alijibu, kama anavyopenda kusimulia mwenyewe, "Mashine ni nzima, mzee. Mgonjwa ni fundi." Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na Mungu aliwajalia watoto wanne, kifungua mimba wetu wa kike aliyezaliwa mwaka 1978, kaka yetu mwaka 1980, dada yetu aliyezaliwa mwaka 1982 na kututangulia akiwa na miezi saba, na mimi niliyezaliwa mwaka 1986. Sisi tulio hai tulijaribiwa kwa kila karatasi mpya mezani kabla haijafika darasani, na watoto wa jirani, wengine mko hapa na ndevu zenu, mlikuwa mkimwona Mama anakuja na bahasha wakati wa likizo, mnatoka nduki.

Sasa nafika mwaka 1984, na hapa ndipo nilipozidisha ukurasa, kwa sababu katika maelezo yake Mama aliuandikia mstari mmoja tu, kwamba alipata barua ya onyo, na sisi familia tumeona haifai kumzika na mstari huo bila maelezo yake.

Mwaka 1983 mkaguzi wa shule alitembelea darasa lake, akakuta watoto wametulia, kila mmoja na karatasi yake, wanajaza nafasi zilizoachwa wazi kwa maneno yaliyoorodheshwa juu ya ukurasa, alama zao tisa na kumi juu ya kumi, akafurahi sana, akaagiza karatasi zile zidurufiwe kwa ajili ya shule ishirini na sita, na ikajulikana kwamba Mama ataitwa ofisi ya elimu kuwa mkufunzi wa walimu. Alishashona hata gauni la kuanzia kazi.

Katika darasa lake la mwaka 1984 kulikuwa na msichana mmoja, mpole, asiyepata chini ya kumi, ambaye leo ni mpima ardhi, yupo nasi hapa, na ameturuhusu tumtaje. Ijumaa moja ya mwezi Mei 1984 Mama alikata stensili kwa haraka, na badala ya kuweka nukta kwenye kila nafasi kama alivyozoea, nukta moja kwa kila herufi ya neno linalotakiwa, akaweka mistari yenye urefu mmoja. Msichana yule aliirudisha karatasi bila kuijaza. Mama akamwita mezani, akamwomba asome sentensi ya kwanza kwa sauti, mtoto akatazama vidole vyake, kisha akasema polepole, "Mwalimu, leo hakuna nukta za kuhesabu."

Mama hakumgombeza. Alimrudisha akae, akakaa mezani kwake mpaka kengele ya mwisho, na kuanzia Jumatatu iliyofuata aliwaita watoto wake mmoja mmoja kwenye korido, akawapa ukurasa wa hadithi ambayo hawajawahi kuiona, akasikiliza. Kati ya watoto sabini na wanne, waliosoma ukurasa ule ni thelathini na mmoja, na waliobaki kila mmoja alikuwa na ujanja wake, huyu anahesabu nukta, yule anatazama herufi ya kwanza, mwingine anakariri mpangilio kwa sababu Mama, bila kujua, alikuwa na tabia ya kuweka jibu la mwisho mwanzoni mwa orodha. Baba anasema siku aliyomaliza kuwasikiliza alirudi nyumbani, hakuvua viatu, akamwambia, "Miaka tisa nimewanyamazisha, nikadhani nawafundisha."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu kumweleza, na mwalimu mkuu, aliyempenda kama binti yake, alimsihi asilifumue jambo hilo, arekebishe kimyakimya darasani kwake, aende zake ofisi ya elimu, huko atapata nafasi ya kunyoosha mambo akiwa amekalia kiti. Ushauri ule haukuwa mbaya, na Mama alikiri kwamba aliufikiria siku tatu nzima. Siku ya Jumanne, tarehe 12 Juni 1984, mkaguzi alipokuja kuchukua stensili zipelekwe shule ishirini na sita, alizikuta zimepangwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, zimefungwa kwa kamba, na Mama amesimama kando yake akamwambia hazitoki.

Mkaguzi alidhani anatania. Alipoona hatanii alimkumbusha kwamba agizo limeshatoka, kwamba shule zinasubiri, kwamba cheo chake kiko njiani, na Mama akamweleza habari ya nukta tangu mwanzo hadi mwisho, mkaguzi akasema mtoto mmoja mjanja hawezi kuangusha kazi nzuri namna ile. Mama akamjibu, "Ni arobaini na watatu, bwana mkaguzi, na kazi hii nimeitunga mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua ni mbovu. Sitaitawanya kwa watoto wa wenzangu." Mkaguzi alimwambia anajiharibia mwenyewe, akaondoka mikono mitupu, na kabla ya mwisho wa mwezi ikaja barua ya onyo kwa kukaidi agizo, cheo akapewa mwingine, na lile gauni akalivaa kwenda nalo darasani, kama kawaida, likapata wino.

Kilichobaki ni kazi, na aliifanya. Hakuziacha karatasi, kama wengine walivyotabiri, alizigeuza, ikawa hakuna mtoto anayepewa karatasi kabla hajasoma kwa sauti na mwenzake, orodha za majibu akazifuta, na chini ya kila ukurasa akaweka swali ambalo jibu lake halimo kwenye karatasi, mtoto aende akalitafute, aulize nyumbani, apime, ahesabu madirisha ya shule, na upande wa nyuma mtoto mwenyewe aliandika swali la kumwuliza jirani yake. Darasa lililosifiwa kwa ukimya likawa na kelele kama soko, walimu wa vyumba vya jirani wakalalamika, mwalimu mkuu akaja mara mbili kuchungulia dirishani akarudi ofisini kwake, na Mama, mwenye sauti ndogo, akawa anatembea katikati ya madawati akiwainamia watoto kusikiliza midomo yao.

Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Septemba 1984, kwa ombi la Mama mwenyewe, mkaguzi alirudi, na ili pasiwe na wa kusema watoto wamekaririshwa, alikuja na maandishi yake, ukurasa aliouchapa ofisini kwake. Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi hadi saa tisa, bila kula. Msichana wa nukta alipofika mstari wa tatu alikosea neno, akasimama, akarudi nyuma mwenyewe, akalisoma sawa, akaendelea. Siku hiyo walisoma watoto sitini na sita kati ya sabini na wanne, na mkaguzi akainuka akijinyoosha mgongo, akasema mbele ya watoto, "Mwalimu, sasa naomba hizo karatasi." Mama alimpa, baada ya kuandika kwa mkono juu ya stensili ya kwanza maneno yanayosomeka mpaka leo katika shule zilizozipokea, yasemayo usigawe karatasi hii kabla hujawasikia wakisoma. Wale wanane waliobaki alikaa nao kila siku baada ya masomo mpaka mwezi Machi mwaka uliofuata, na wa mwisho kati yao alipoufikia mwisho wa ukurasa, walipiga makofi wao wenyewe.

Barua ya onyo haikufutwa kamwe, naye hakuomba ifutwe. Mwaka 1991 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, na kuanzia 1996 hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2011 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ileile, akiendelea kufundisha vipindi vinne kwa wiki katika darasa la tatu, na walimu vijana walipoanza kuja na karatasi zilizochapwa kwa kompyuta, zenye picha za rangi, alizifurahia kama mtoto, akawaomba nakala, akazipeleka nyumbani na kuzijibu zote mwenyewe ili aone zinampitisha wapi mtu mwenye hila.

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2019, Mama alipatwa na kiharusi akiwa anamwagilia mboga, akapoteza nguvu za upande wa kulia na uwezo wa kusema. Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuwa akija nyumbani mara mbili kwa wiki na karatasi za picha, na mwezi wa pili wa matibabu Mama alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaipiga mstari picha ya kikombe, akachora nyingine pembeni, kwa sababu ile ya kwanza ilifanana mno na sufuria. Mtaalamu huyo yupo hapa, na ametueleza kwamba kikombe cha Mama ndicho wanachotumia wagonjwa wake wote sasa. Maneno yalirudi moja moja, kwanza jina la Baba, kisha hapana, ambalo alilitumia sana, na baada ya mwaka na miezi miwili akaweza kutunga sentensi nzima.

Mwanzoni mwa Februari mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa tarehe 9, na tulipomzunguka kitandani tukiwa tumesimama na nyuso za huzuni alitutazama mmoja mmoja, akatuambia tukae, tunamzibia mwanga. Alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 17 Februari 2022, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi kumi na moja na siku tatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemchana nywele kila siku bila kuombwa, mtaalamu wa tiba ya usemi kwa uvumilivu wake, majirani ambao kwa miaka miwili hamkutuacha tupike peke yetu siku za kliniki, walimu wenzake, na ninyi mliopita katika chumba kile cha mwisho kwenye korido, mliokuja leo kwa wingi kuliko viti tulivyoviandaa.

Mama, kazi uliifanya, ulipokosea ulisema, na tunajivunia kuitwa wanao. Pumzika sasa, mwalimu wetu, kwa amani.