Kwata ya Masista

Auleria alinikuta nimelala kifudifudi kwenye mchanga wa Temeke, mwavuli begani, jicho moja nimelifumba, nailenga ndoo ya bati iliyoning'inia dukani kwa Saifuddin. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye suruali moja tu ya kutokea, na kuku wa jirani kanipanda mgongoni kana kwamba mie ni kichuguu. Nimepita Mombasa, nimepita Kolombo, nimefika Bama wakati wa vita na Mjapani, na kote huko sijakamatwa na aibu ya ukubwa ule. Ila aibu ni kama kahawa, haichemki yenyewe. Kuna waliochochea.

Kijiwe chetu kilikuwa benchi moja la mbao za makasha ya chai, mbele ya duka la Saifuddin, Mbohora muuza vyombo vya bati. Muuza kahawa alikuwa Kondo, na jiko lake la mkaa na birika lake la shaba, dele. Tulimwita Redio kwa kuwa habari zote za Temeke huanzia kwake, na hana kitufe cha kuzimia. Didas tulimwita Askofu. Zamani alibeba chetezo kanisani na hajakitua hadi leo. Methali zote anazijua, isipokuwa pa kuzitumia. Mie waliniita Sajini. Nilikuwaga Keya, jeshi la Mwingereza, kweli, na Bama nilifika, kweli. Usajini wao ndio walionipa, nami sikuwa na moyo wa kuwarudishia. Nyie wasomaji nawanong'oneza: nilikuwa mpishi. Silaha niliyoishika kuliko zote ilikuwa mwiko.

Jumatano hiyo akaja Revelian, Mhaya, karani wa kuhesabu magunia bandarini, mkononi ana barua kutoka shule ya Masista huko bara anakosoma bintiye Jovina. Hakuketi.

— Sajini, nisomee. Kiingereza changu mie cha magunia. Hiki kina mikia.

Nikakohoa kikubwa, nikaanza kutafsiri papo hapo.

— "Wazazi wapendwa. Kwa ajili ya usalama wa wasichana wetu, Jumamosi tutafanya faya drili."

Nikaishusha barua. Drili naijua, ni kwata. Nimeitazama sana kutoka dirisha la jikoni. Na faya nimeisikia Bama mpaka nikaiota: ofisa akipaza sauti "Faya!", bunduki zote zinalia kwa mpigo.

— Karani, kaa chini.

— Nimekaa.

— Kaa vizuri. Jumamosi binti yako anafundishwa kupiga bunduki.

Redio akamimina kahawa nje ya kikombe.

— Bunduki? Masista?

— Faya ni amri ya kufyatua. Drili ni kwata. Jumlisha mwenyewe.

— Hilo neno nimeliona mie, Revelian akasema taratibu. Faya. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mapipa ya petroli, pale bandarini.

— Unaona! Mapipa ya jeshi!

— Mbona yale ni ya…

— Karani, kati yetu nani alikuwa Bama?

Akaniashiria kwa mkono. Nikaendelea kusoma.

— "Kila usiku viatu viwekwe chini ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni."

— Ewaa! Redio akadakia. Viatu vya mtu wa kulala vinaelekea ukutani. Vikielekea mlangoni, hiyo ni safari.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Askofu. Ndiyo maana ya viatu.

— "Filimbi ikilia, watoke wawili wawili, kimya, wajipange chini ya bendera na kuhesabiwa."

— Bendera!

— "Asirudi nyuma yeyote kwa sababu yoyote."

Hapo hata mie nikasikia baridi. Asirudi nyuma. Maneno hayo hayo tuliambiwa Bama, nami nilikuwa na sufuria jikoni.

— Imetiwa saini na Sista Mkuu, nikamalizia. Anawaomba wazazi wawe na amani.

— Amani! Redio akapiga paja. Ukiona wanakuombea amani, vita viko kwa jirani. Nimeshaelewa. Ni Kenya. Askari wameishiwa nguvu kule msituni, sasa wanataka wasichana. Nani atampiga risasi mtoto wa kike mwenye rozari?

— Kenya wapi, akasema Askofu. Ni Roma. Papa ana askari wake, Waswisi, wanavaa suruali za mistari na kushika mikuki. Nimewaona kwenye kalenda. Wamezeeka wale. Anatafuta damu changa.

— Mikuki na bunduki wapi na wapi?

— Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Leo viatu, kesho mzinga.

— Ngoja, ngoja! Redio sasa kasimama, dele mkononi. Masista wale si kuna Wadachi wa Ujerumani ndani? Mdachi anarudi! Anakuja kudai nchi yake, na atapitia mabwenini!

Saifuddin akatoa kichwa dukani.

— Nyie, kama Mdachi anarudi mniambie mapema, nisiagize mabakuli.

Tulicheka wote isipokuwa Revelian. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa amenipokonya ile barua, akiikunja hadi ikawa ndogo kama hirizi.

— Nyie mnacheka, akasema. Mnamjua mama yangu, Kokushubila? Toka siku ya kwanza alisema, msichana akipita darasa la nne hapiki wala haoleki. Kuna Theonest huko Bukoba, ana shamba la buni na nyumba ya bati, anamngoja Jovina. Mama kila mwezi ananiuliza. Nimempigia magoti: mama, nipe miaka miwili tu, mtoto atatoka nesi. Akakubali kwa kununa. Sasa nimwambie nini? Nilimpeleka mjukuu wako kwa watawa, atarudi koplo?

Akatoa mfukoni karatasi ya simu ya maandishi, ya kumpelekea mama yake kwa posta. Alikuwa ameshaijaza kwa herufi kubwa za magunia: NAMTOA JOVINA. ANDAA HARUSI.

— Uliandika kabla sijasoma? nikauliza.

— Niliandika nusu ya kwanza nilipoona neno la mapipa. Nusu ya pili nimeiandika hapa, mkicheka. Posta inafunga saa kumi. Basi la mjini hilo linawashwa.

Kweli lilikuwa limewashwa, linatikisika pale kona kama mtu mwenye homa. Revelian akanishika bega.

— Sajini. Mtoto mwenyewe anapenda kusoma, ananiandikia hesabu za mafumbo. Nikiipeleka hii simu, basi tena, mama yangu habadilishwi. Nataka uniambie kweli ya Mungu. Una hakika?

Hapo palikuwa pangu pa kusema: ndugu yangu, mie mpishi. Maneno manne. Nimewahi kuomba radhi kwa Kisingala, kwa Kihindi, hata kwa ishara za mikono. Kiswahili ndicho kilichonishinda.

— Hakika? nikasema. Lete mwavuli nikuonyeshe atakavyolala Jumamosi.

Ndivyo nilivyofika mchangani.

— Tumbo chini! nikaamrisha nafsi yangu. Shabaha, ndoo ile! Faya!

— Shikamoo, shemeji, ikasema sauti juu ya kisogo changu.

— Marahaba, nikajibu, na mchanga kinywani.

— Ukimaliza kuiua hiyo ndoo, nishushie. Nimekuja kuinunua.

Nikageuka. Ni Auleria, mama yake Jovina, kanga mabegani, kikapu mkononi. Kuku akaruka. Saifuddin alishaitungua ndoo na kuipangusa vumbi.

— Mama Jovina, akasema Revelian, ndoo ya nini saa hizi? Nyumbani tunazo mbili.

— Si ya nyumbani, ya mwanao. Kile kikaratasi cha Kiswahili kilichokuwa ndani ya bahasha yako, ulichonipa jana bila kukisoma, kakiandika yeye. Anaomba ndoo nyepesi yenye mpini imara. Kesho kuna mtu anakwenda na treni, ataibeba. Nyie mna nini, mbona kama mmefiwa?

Revelian akamweleza. Bunduki, viatu, filimbi, bendera, Theonest. Auleria alisikiliza mpaka mwisho, ndoo ikining'inia mkononi, na mumewe alipofika kwenye harusi nikaona vidole vya mama vimeukaza ule mpini.

— Jumamosi? akauliza.

— Jumamosi.

— Na ndoo ni ya Jumamosi. Kila mtoto na yake, ijazwe maji. Sasa niambieni nyie wanaume wa vita: bunduki inataka ndoo ya maji ya nini?

Redio akamtazama Askofu. Askofu akainua kidole.

— Maji… maji ukiyavulia nguo…

Akakishusha kidole. Pale kona basi likapiga honi. Hakuna aliyeinuka.

Auleria akanyoosha mkono, akaichomoa ile karatasi ya simu kwenye vidole vya mumewe, akaisoma kwa midomo bila sauti. Kisha akainama, akaisukuma chini ya dele la Redio, katikati ya makaa. Ikajikunja, ikashika. Basi likaondoka. Revelian akaketi, safari hii akatulia, akaomba kahawa.

Mie bado nilikuwa nimepiga magoti, napangusa suruali yangu ya kutokea.

— Kaka yangu Adelard anakusalimu, shemeji, akaniambia Auleria. Anasema mlikuwa kambi moja, Bama. Kila siku alikuwa anakuja kwako na sahani yake.

Benchi zima likanigeukia. Nikajitutumua, maana mtu anayezama hushika hata povu.

— Haya basi, mama, wewe unayejua. Faya ni nini?

Akaelekeza kidevu kwenye jiko la Redio, karatasi ilipokuwa inamalizikia.

— Moto, mpishi.