Goti la Guante Ndani ya Gemu

Mbele ya duka langu hapa San Pedro kuna benchi nililolinunua kanisani walipobadilisha viti, na wanaolikalia siku hizi hawajawahi kuungama chochote. Kahawa napika mimi, Doña Mirope, na namimina kwenye vikombe vidogo makusudi, maana ukiwapa vikubwa hawaondoki. Yupo Wakili, aliyesoma sheria muhula mmoja na kuzungumzia muhula huo miaka thelathini. Yupo Papo, fundi wa feni, anayeamini kila kitu duniani kina mota ndani. Na yupo Don Nereo, ambaye wote tunamwita Guante, yaani glavu, kwa sababu ujanani alikuwa mdakaji wa besiboli, akachuchumaa nyuma ya wapigaji mpaka goti la kulia likakataa kunyooka. Jumanne hiyo Guante alikuja na mfuko wa mkate, akaupakata kama mtoto mgonjwa. Ndani hamkuwa na mkate. Mlikuwa na ruta, kile kisanduku cha intaneti, na waya wake ukining'inia.

— Umeiiba wapi hiyo? Papo akauliza.

— Ya kwangu. Mkataba una jina langu. Nimeing'oa ukutani.

— Na Yudelka?

— Yuko juu. Anadhani kampuni ndiyo imekata.

Yudelka ni binti yake wa pekee, na wanaishi juu ya dari la duka langu. Kazi yake anaifanya bila kutoka ndani: anachora watu wa gemu, zile gemu bapa ambazo mtu anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Mabosi wako Kanada, hajawahi kukanyaga kwao. Siku hiyo alitakiwa apeleke kazi kabla hawajafunga ofisi, la sivyo kazi anapewa mwingine. Nilijua mimi, na Guante alijua, ndiyo maana nilimpa kahawa huku nimemnunia.

— Sikilizeni kwanza, akasema Guante. Asubuhi nimempelekea kifungua kinywa, yeye yuko bafuni. Kompyuta imewaka. Natazama, najiona.

— Amekuchora? Si jambo zuri hilo?

— Vipande, Papo. Kichwa huku, mkono kule, paja peke yake, muundi peke yake. Nimepangwa kama nyama buchani. Mpaka masikio ameyaweka kando.

Papo akaweka kikombe chini polepole.

— Basi ni katalogi hiyo. Wanauza viungo. Mzungu anachagua, anabonyeza, wewe unaamka huna figo.

— Na goti hili nani atanunua?

— Wapo watu hawana hata hilo.

Wakili akakohoa, na Wakili akikohoa ujue tunaingia mahakamani.

— Mnapoteza muda na figo. Swali ni la kisheria. Umesaini kitu?

— Sijasaini.

— Hujasaini, lakini umetembea. Alikutembeza sebuleni, ndiyo au hapana?

— Mwezi mzima. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Nikifika ukutani ananiambia, "Rudia, papi."

— Umekwisha, mzee wangu. Mwendo wako sasa ni mali ya Kanada. Kila ukishuka hizo ngazi kununua muhogo, unatumia mali ya watu bila kibali.

— Nisitembee?

— Utembee, ila kwa staili nyingine.

Guante aliangalia miguu yake kana kwamba imeshaanza kudaiwa. Ningecheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

— Wakili, acha zako, akasema Papo. Ni mota tu. Guante, hilo goti limezidi kuuma tangu lini?

— Tangu Juni.

— Alianza kukuchora lini?

Guante akafikiri. — Juni.

— Si unaona? Kila mtoto akibonyeza kidude huko aliko, goti lako linakunjwa. Juzi alfajiri ulilia mpaka mtaa mzima ukasikia. Japani walikuwa wametoka shule.

— Acha kumtisha mwenzio, nikasema.

Hapo dirisha la juu likafunguliwa. Yudelka akachungulia, nywele zimefungwa kwa penseli, uso umeiva kwa hasira.

— Doña Mirope, huko dukani intaneti ipo?

Benchi zima likatazama mfuko wa mkate.

— Sijaangalia, mwanangu, nikajibu, na niliona haya kwa jibu hilo.

— Papi, umewapigia kampuni?

— Wanasema wanakuja, akasema Guante kwa sauti ya chini.

Dirisha likafungwa. Nikamwambia Guante arudishe kile kitu, mtoto atapoteza kazi, na tangu lini anaogopa picha. Akaukumbatia mfuko zaidi.

— Siogopi, Mirope. Vipande Yudelka kanieleza baadaye, kwamba kila kiungo kinachorwa peke yake ndipo mtu asogee. Sawa. Lakini akabonyeza, nikatembea. Nikajiona kwa macho yangu. Nachechemea. Dunia nzima itanicheka ninavyochechemea, na aliyewapa kicheko ni mwanangu. Mimi nilikuwa mdakaji, jamani. Viwanja vilikuwa vinasimama.

Papo alikuna shingo, maana hapo hapakuwa na mota.

— Na si kwamba ilikuwa lazima, Guante akaendelea. Nilimsikia akibishana na bosi wake kwenye simu, sikujua bado kwamba mzee mwenyewe ni mimi. Bosi anasema huyo mzee mnyooshe. Mtu mwenye miguu mizima unachora hatua ya mguu mmoja tu, ya pili unaigeuza, umemaliza. Kilema ni kazi mara mbili. Mwanangu akagoma. Siku tatu wanavutana, akagoma mpaka bosi akachoka.

— Ukaidi huo, akasema Wakili.

— Dharau, akasema Guante.

Kwenye kizingiti cha duka alikuwa amesimama Eridanio, kinyozi aliyehamia mtaani wiki ile, anasubiri nimpimie mchele. Tulishamsahau.

— Samahani, akasema. Kwani alikataa kwa nini, na kumnyoosha ndiko kazi rahisi?

Guante akamtazama kinyozi. Akamgeukia Wakili, na Wakili akaanza kuchunguza kikombe chake. Papo alinyoosha mkono kuomba kahawa. Birika lilikuwa tupu, na mimi sikwenda kuwasha jiko.

Guante akainuka anavyoinuka siku zote, kiganja juu ya paja, pumzi moja, halafu mwili. Akazunguka nyuma ya duka na mfuko wake. Tulimsikia kwenye ngazi, hatua moja nzito, moja ya kuburuza, mpaka mlango.

Nilimpimia kinyozi mchele wake. Sikusikia waliyoambiana huko juu, na Mungu anajua nilijaribu. Nilisikia kiti kikisogezwa, na plagi ikigongwa kurudi ukutani. Kisha miguu ikaanza kwenda juu ya dari langu, ukuta mpaka ukuta, moja nzito, moja ya kuburuza, ikifika mwisho inageuka.

— Rudia, papi, akasema Yudelka.

Akarudia.