Dada Mizani na Chupa za Siku Tisini

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, seremala, si mzoefu wa kusoma mbele za watu, lakini kikao cha familia kimenipa kazi hii na nimeipokea, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisoma polepole.

Dada yetu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za watumishi wa reli, chumba na sebule, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba mtunza stoo na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1990, kisha akajiunga na chuo cha afya, ambako alihitimu stashahada ya famasia mwaka 1994, na cheti chake mama alikiwekea fremu kabla hata wino haujakauka vizuri.

Tarehe 2 Mei 1995 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, akakaa kwenye dirisha la dawa, na hapo ndipo alipopewa jina la Mizani, kwa sababu alihesabu vidonge mara mbili, akienda na akirudi, huku foleni ikiguna na wengine wakimwambia waziwazi kwamba wao ni wagonjwa, si wakaguzi, naye aliendelea kuhesabu. Mwaka 2006 alirudi darasani, akapata shahada ya kwanza ya famasia mwaka 2010, akarejea hospitali ileile akiwa mfamasia kamili, na dirisha lile hakulihama, ingawa alikuwa amepewa ofisi yenye feni.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1998 na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mpima ardhi, na siku ile watu walisema nyumba hiyo haitakosa vipimo, nao hawakukosea, kwani nyumbani kwao hata sukari ya chai ilisawazishwa kwa mgongo wa kisu kabla kijiko hakijaingia kikombeni. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Juni 2000, ambaye sasa ni mwalimu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2004, ambaye yuko chuo cha ufundi.

Sasa nafika mahali pagumu. Pale hospitalini kwao, watoto wenye kifafa walikuwa wakitengenezewa dawa ya maji kwa kusaga vidonge vya watu wazima na kuchanganya na shira, na kwenye chupa iliandikwa itumike ndani ya siku thelathini, hadi mama mmoja aliyesafiri nusu siku kila mwezi kufuata chupa moja akamwuliza dada kwa nini iwe thelathini na isiwe tisini. Dada alifungua vitabu, akauliza wakubwa zake, akakuta hakuna anayejua, namba ile wote walikuwa wameirithi tu, na kwa sababu hiyo, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, tarehe 7 Oktoba 2019 alijiandikisha kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya dawa, akisema anataka jibu la yule mama.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, dawa inatengenezwa, chupa zinawekwa kwenye joto la aina tatu, kisha siku ya saba, ya kumi na nne, ya thelathini, ya sitini na ya tisini zinapimwa kuona kama nguvu ya dawa bado ipo, na mashine ya kupimia ilikuwa moja kwa wanafunzi wote, kila mtu na zamu yake. Chupa zake za kwanza alizitengeneza tarehe 5 Oktoba 2021, na siku ya sitini ikaangukia Jumamosi tarehe 4 Desemba, siku ya harusi yangu, harusi ambayo ukoo mzima ulikuwa umeshakata tamaa nayo, mimi nikiwa na miaka arobaini na saba, na ilifanyika mwendo wa saa nne kutoka chuoni kwake. Aliniomba apime asubuhi, aje jioni, nami nikamwambia chupa haziendi popote, nikasema asipokuwepo tangu asubuhi sitavaa hata koti, akacheka, akaja. Zamu yake akapewa mwingine, Jumatano iliyofuata mashine ikaharibika, kipuri chake kikasubiriwa wiki tatu, na siku ya sitini ya zile chupa ikapita bila kipimo.

Mwenzake mmoja wa darasani alimshauri akadirie namba ya siku ya sitini, kwamba nani atajua, naye akaandika daftarini kwamba haikupimwa, akatia saini na tarehe, akaanza kutafuta ruhusa na malighafi upya, kazi iliyomla mwaka mzima. Kama si harusi ile, angehitimu mwaka 2022. Hakuwahi kunilaumu, hata kwa utani, naye alikuwa mtu wa utani, ndipo nilipojua kwamba jambo lile lilimwingia.

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Machi, akatibiwa hadi mwisho wa mwaka huo, na alipopata nafuu alirudi maabara, ambako tarehe 18 Julai mwaka huu, 2024, alitengeneza chupa mpya. Mwezi Agosti ugonjwa ulirudi, lakini tarehe 16 Septemba, siku ya sitini, alikwenda kupima mwenyewe, ameketi kwenye stuli, shemeji akimsubiri kwenye korido na blanketi mkononi. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 12 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Kwenye ukurasa wa pili wa kijitabu mlichonacho imeandikwa kwamba alitunukiwa shahada ya uzamili, mjomba aliandika hivyo kwa mapenzi, nami nilikisoma kabla hakijachapwa nikanyamaza, kwa sababu maneno yale yalinipunguzia mzigo, lakini si kweli, hakutunukiwa. Mwenye kalamu naomba apige mstari mmoja juu ya maneno hayo, bila kuyafutafuta, kama yeye alivyokuwa akisahihisha makosa katika daftari lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, wafanyakazi wenzake wa dirisha la dawa, majirani waliopika na kulala nasi siku hizi nne, na msimamizi wake wa masomo, aliyetuahidi kwamba jibu la yule mama litaandikwa kwa jina la dada, liwe ndiyo au hapana.

Wa mwisho ni fundi wa maabara, rafiki yake wa karibu kuliko wote, ambaye wengi mmeniuliza mbona hayupo. Leo tarehe 16 Oktoba ni siku ya tisini ya zile chupa, na zamu ya mashine ni kuanzia saa tatu hadi saa saba. Jana alikuja nyumbani akilia, akasema lazima amzike mwenzake, nami nikamwambia mbele ya shemeji kwamba nikimwona hapa leo nitamrudisha mwenyewe kwa mkono wangu. Amenipigia simu saa tatu na dakika tano, amesema mashine imewaka na chupa ya kwanza imefunguliwa.

Dada, pumzika kwa utulivu, leo zamu yako haijapotea.